Harufu ya bafuni ilitaka kuniondolea mke na mtoto hapa Pasua

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa, shikamooni.

Hiki ninachosimulia kimenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Pasua, Moshi, na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, ila mimi kipindi hicho sikucheka aisee.

Iko hivi. Mke wangu Upendo alijifungua mtoto wetu wa kwanza, dume. Mama yangu alishafariki, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyeshuka kutoka Kirua Vunjo kuja kumhudumia mzazi.

Sasa kwa sisi Wachagga uzazi ni uzazi kweli. Mzazi hashiki ufagio. Analala, anakandwa na maji ya moto, anakula. Mama mkwe alishuka na mikungu ya ndizi mshare, nyama, na siagi ya kienyeji kwenye kopo. Kuanzia siku hiyo jiko halikuzima, ni mtori tu, ile supu nzito ya ndizi za kuponda na nyama. Mtori asubuhi, mtori mchana, mtori jioni. Bakuli linaingia chumbani limejaa, linatoka tupu. Mama anafurahi mwenyewe.

Basi, ikaja harufu.

Chumba chetu kina bafu na choo humo humo ndani. Siku ya kwanza nikajua ni choo, nikamwaga dawa, nikasugua mpaka mgongo ukauma. Kesho yake harufu iko pale pale. Na haikuwa harufu ya choo, wakuu. Ilikuwa na uchachu fulani, kama maziwa yaliyoharibika.

Nikaweka nafthalini. Nikamwaga siki na magadi, kuna mtu humu aliwahi kushauri. Nikanunua air freshener ya maua. Zikawa harufu mbili.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba mama mkwe hasemi kitu. Anaingia chumbani, anaguna, anafungua dirisha. Anakumbuka kuna kichanga na baridi la mwezi wa saba, analifunga. Anaguna tena. Na mimi nitaanzia wapi kuongea habari za choo na mama mkwe?

Wakati huo huo mtoto analia sana. Maziwa ya mama yake yamepungua, na Upendo mwenyewe anakonda, mashavu yameingia ndani. Nikimuuliza ananiambia, "Niko sawa baba, uchovu tu." Nami nikaamini, maana chakula nakiona kinaingia.

Jioni moja mama akaniita sebuleni. Nikakaa kwenye ncha ya kiti kama mwanafunzi.

"Baba, mimi sina ugomvi na wewe," akasema. "Lakini mzazi anakula vile halafu anakonda? Hewa ya nyumba hii ni mbaya, inamkausha maziwa. Jumatatu kaka yake anakuja na gari. Napanda nao Kirua, yeye na mtoto."

"Mama, nipe muda kidogo nishughulikie."

"Si nimekupa?"

Daah. Wasioelewa niwaeleze: mke akipandishwa kwao katikati ya uzazi, kijiji kizima kitajua umeshindwa kumtunza. Kumrudisha ni vikao na mashemeji, na kila mmoja ana lake la kusema. Lakini zaidi ya aibu, nilikuwa naogopa kweli kwamba mama yuko sahihi. Vipi kama ni nyumba yangu inayomdhuru mtoto?

Nikaita fundi. Akafungua chemba ya nje, maji yanapita vizuri. Akasema tuvunje tiles. Nikaita gari la maji taka, likanyonya shimo huku majirani wote wametoka kuangalia. Jioni harufu ikaturudia imechangamka.

Jumapili mama akaenda kanisani. Kesho yake ndiyo gari linakuja. Nikaingia bafuni na bisibisi nimechanganyikiwa, nikafungua kile kichujio cha sakafuni, pale maji ya kuoga yanapoishia. Huko sikuwahi kugusa. Nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, nikazamisha.

Wakuu, nilivuta uji mzito wa kijivu. Nikavuta tena. Mafuta yameganda kwa baridi kama mshumaa, ndani yake nyuzi za nyama na madonge ya ndizi.

Mtori! Nikajaza nusu ndoo.

Nageuka, Upendo amesimama mlangoni na mtoto mkononi, machozi yanamtoka.

"Usimwambie mama," akasema. "Siuwezi tena. Nikiuona tu nataka kutapika."

"Kwa nini hukumwaga chooni?"

"Nikiflashi kila saa angesikia, angesema naharisha."

"Sasa umekuwa unakula nini?"

Akasema, "Ile chai na mkate wako wa asubuhi."

Hapo harufu niliisahau kabisa. Mke wangu alikuwa anashinda na njaa, ananyonyesha, na sufuria limejaa pale jikoni.

Kabla sijasema neno, mama huyo mlangoni na kitenge chake cha kanisani. Akaangalia ndoo. Akaangalia kichujio.

Nikajitutumua: "Shikamoo mama. Ni mimi, niliosha vyombo humu."

"Marahaba. Wewe unaosha vyombo?"

Mama akasogea kwenye ndoo, akainama, akanusa. Siagi yake mwenyewe lazima aliijua. Nikasubiri mvua ya maneno, maana mama yule akianza Kichagga hata kuku wanakimbia.

Hakuanza. Alikaa kitandani, akamchukua mtoto, akamwangalia binti yake muda mrefu kama ndiyo kwanza anamwona.

"Upendo mwanangu, unataka kula nini?"

Upendo akalia kwa sauti. "Ugali, mama. Na dagaa."

Mama akafungua pochi, akapiga simu Kirua: "Usije na gari." Kisha akanigeukia: "Baba, umesimama nini? Nenda kalete dagaa."

Nilienda mbio wakuu, nimevaa ndala za bafuni.

Kwa hiyo bafu likinuka, kabla ya kununua manukato au kuvunja tiles, fungua kichujio cha sakafuni, toa uchafu kwa mkono, mwaga maji ya moto na sabuni. Kwangu harufu imeisha. Maziwa yamerudi taratibu, dogo analala.

Wenye uzoefu mwageni maoni, hasa akina mama. Na wewe mwenye mzazi ndani, leo umemuuliza anataka kula nini?