Mto Uliopita Chini ya Kanisa

Juzi niliona kwenye simu kijiji kimoja cha Ufaransa: kanisa, kinu cha maji, mto mwembamba. Shule imefungwa, vijana wamehama. Jina la mto huo nalijua tangu utotoni. Baba, fundi viatu hapa Overport, mtaa wa Durban, alizoea kutusimulia habari zake huku akipaka gundi yenye harufu kali, nami nikaamini huko ndiko kwetu, Burundi.

Alasiri moja nilimuuliza, "Papa, tutarudi lini kule kwenye mto?"

Akaweka nyundo chini.

"Kule sijawahi kufika. Walimu walitukaririsha habari zake shuleni, kwenye kitabu cha Kifaransa."

"Na kwetu je?"

"Kwetu kulichomwa moto."

Akaendelea kugonga soli.

Tulimzika hapa hapa Durban. Jina la ule mto wa Wafaransa ninalo mpaka leo. La kilima cha Burundi alikozaliwa baba yangu silijui.