Patroni na Sinia ya Koko

Wiki iliyopita farasi wangu alinitia aibu mbele ya wageni. Nilikuwa nimewaalika wakubwa wa mji waje kuwaona farasi wawili majike niliowaleta Kindu kwa treni kutoka Lubumbashi, safari iliyotuchukua zaidi ya wiki tatu, na simjui mtu mwingine hapa aliyefanya hivyo kwa jasho lake mwenyewe. Nimevaa koti langu jeupe la daktari wa mifugo, nimesimama wima, naeleza mambo ya kwato na meno, mara yule jike mwekundu akatia mdomo mfukoni mwangu, akavuta, mfuko ukang'oka. Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Kumbe mlinzi wangu, mzee mzima mwenye wajukuu, alikuwa akimlisha ndizi mkononi kila asubuhi, kwa mapenzi tu.

Sikumgombeza sana. Kosa lile nililifanya mimi nikiwa na miaka tisa, wakati wa vita, na nusura farasi mwingine alipe kwa uhai wake.

Kama ulikulia Mikelenge, mtaa wetu hapa Kindu, miaka ile, rafiki yangu, huna haja ya kuambiwa Patroni alikuwa nani. Kama hukukulia huku, basi sogea karibu. Bibi yangu, koko kama tunavyosema sisi, alikuwa akimfulia na kumpigia pasi injinia mmoja mgeni, ambaye farasi wake alikuwa amefika kwa treni zamani, wakati treni bado zilikuwa na siku zake maalumu. Bunduki zilipoanza kusikika karibu, injinia alipanda ndege na sanduku moja. Kamba ya farasi alimwachia koko mkononi, akasema atarudi baada ya wiki moja. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Koko akamvuta yule farasi katikati ya mji, watu wakitoka majumbani kushangaa, akamfunga kwenye mchikichi wa uani kwetu. Sisi watoto tukampa jina tulilomwita bwana wake: Patroni, yaani bosi.

Ua ule nauona hata sasa. Kinu kilikuwa upande wa kushoto, jiko la mafiga matatu upande wa kulia, na harufu ya mafuta ya mawese ilikuwa imeingia hata kwenye matofali. Asubuhi tulichota maji kisimani, kisha mimi na dada zangu tukatwanga mpunga kwa zamu, koko akipepeta kwa ungo. Pumba zilikwenda kwa Patroni, mchele ukaenda chunguni. Patroni alikuwa mwekundu wa udongo, na paji la uso jeupe kama aliyemwagikiwa unga. Alipopumua karibu na sikio lako ulisikia joto mpaka shingoni.

Lakini kitu kikubwa cha ua ule kilikuwa sinia. Tulikuwa wajukuu saba, na tulikula pamoja kwenye sinia moja ya bati yenye maua yaliyofutika. Mtu alinawa, akakaa, akaweka mkono pajani. Koko aliketi mwisho. Hakuna mkono uliokwenda kwenye wali kabla hajasema Bismillahi, hata kama tumbo lilikuwa linanguruma kama pikipiki. Ulikula mbele yako, hukuvuka kwenda kwa mwenzako. Aliyetanguliza mkono alitumwa kunawa upya na kungoja wengine wameze matonge matatu. Matonge matatu ya watu sita wenye njaa, rafiki yangu, huacha shimo kubwa katikati ya wali.

Kisha mji ukafungwa. Watu hawakuweza tena kwenda mashambani. Baiskeli zilizokuwa zikileta chakula kutoka Pangi na Kalima ziliacha kuja. Chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na siku nzuri tulipata lituma, ndizi zilizopondwa, bonge moja kwa kila mtoto. Patroni alikula majani ya kando ya mto na pumba kidogo, mbavu zake zikaanza kuhesabika.

Nilimwonea huruma. Nilipopata kipande cha muwa nilikimega viwili, nusu yangu, nusu nikaificha kwenye pindo la kikwembe changu ili Patroni aitafute. Alinusa, akasukuma, akaipata, nami nikacheka. Ilikuwa ndiyo furaha yangu ya siku. Sikujua kwamba nilikuwa namfundisha somo moja, na mwanafunzi alikuwa na akili nyingi kuliko mwalimu wake. Alielewa kwamba kila binadamu ana muwa mahali fulani, na kwamba ukimsukuma vya kutosha ataachia.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akianika mpunga wake kidogo wa mbegu mkekani karibu na ua wetu, alikuwa na binti wa miaka minne. Siku moja mtoto yule alipita mbele ya Patroni na muwa mkononi. Patroni aliuchukua muwa, na kidole gumba pamoja nao.

Kile kilio nakisikia hata leo. Mama jirani alikuja mbio na mchi wa kinu begani.

“Koko, huyu nyama yako anakula watoto sasa! Siye tunakula majani, yeye anakula watoto!”

Koko alimpokea mtoto, akaosha kidole kwa maji ya moto, akapasua kilemba chake na kukifunga. Kidole kilikuwepo, lakini kucha ilikwenda. Kisha akatugeukia sisi saba.

“Nani alimufunza kutafuta muwa kwa watu?”

Wenzangu walinitazama. Nikasema ni mimi.

Jioni ile alikuja shefu wa avenyu, yaani mkuu wa barabara yetu, karani wa zamani wa reli, mwenye kofia na daftari. Alikaa, akavua kofia, akaongea taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba.

“Koko, mimi nakuheshimu. Lakini avenyu iko na njaa, na farasi iko na nyama. Watu wananiuliza kila siku. Sasa ameuma mutoto, nitawajibu nini?”

“Waambie wangojee majuma mawili.”

“Ya kufanya nini?”

“Nimufundishe adabu.”

“Farasi?”

“Hata weye ulifundishwa, Shefu. Nilikujua mbele ya kuanza kuvaa suruali.”

Shefu alicheka bila kutaka. Akaandika daftarini: Ijumaa ya pili, baada ya sala. Mama jirani ataanika mpunga wake mbele ya farasi, na sinia itapita puani pake. Akinyakua, atachinjwa na nyama itagawiwa kila nyumba. Asiponyakua, anaishi.

Alipoondoka, koko aliniambia maneno machache tu. “Njo weye ulimufunza mabaya. Njo weye utamufunza mazuri.”

Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu, na nasema bila haya kwamba masomo yote niliyosoma baadaye hayakunifunza zaidi ya yale majuma mawili. Tulimfunga Patroni kwa kamba ndefu. Niliweka pumba na vipande vya muwa kwenye sinia kuukuu, nikasimama mahali ambapo mdomo wake haukufika. Alipiga kwato chini. Alivuta kamba. Alitoa mate. Kila aliposukuma, koko alisema “Rudi,” nami nikageuka na kurudisha sinia jikoni. Siku ya kwanza nilikwenda jikoni mpaka miguu ikaniuma. Jua likiwa limeshainama, Patroni alichoka kusukuma, akageuza uso pembeni, kidogo tu, kama mtoto aliyenuna.

“Bismillahi!” koko akasema papo hapo. “Weka chini. Weka upesi!”

Niliiweka, nikarudi nyuma hatua mbili, akala.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Asilishwe akisukuma. Alishwe akitulia, na neno litangulie chakula kila mara. Hakupewa kitu chochote mkononi. Siku ya tatu aligeuza uso mapema. Siku ya sita alirudi nyuma hatua moja akiniona tu nakuja na sinia, akasimama kichwa juu, masikio mbele, akingoja. Mama jirani alikuwa akichungulia kutoka upande wake.

“Koko, umemusilimisha farasi?”

“Bado hajafika huko. Ameanza na kunawa.”

Hata yeye alicheka, ingawa mchi ulikuwa bado karibu naye.

Shida yetu haikuwa Patroni tena, ilikuwa watu. Watoto wa avenyu walikuja kumpa maganda kwa siri, na mkono mmoja tu ulitosha kuharibu kazi ya siku tatu. Nilikaa mlangoni mwa ua na fimbo, si ya kumpiga farasi, ya kuwafukuza rafiki zangu. Waliniita mke wa farasi. Sikujali. Nilikuwa nimeamua, na mimi nikiamua, waulize wanaonijua.

Ijumaa ilifika. Watu wa avenyu nzima walikuja, na nitakwambia kilichoniumiza: walikuja na vyombo. Wengine walibeba sufuria, wengine mabeseni, wengine majani ya ndizi ya kufungia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa hawajaonja nyama tangu mji ufungwe, na macho yao yalikuwa yamekwishamgawa Patroni mapaja na mbavu. Shefu alikuja na mtu mwenye kisu, akamwambia akae kando.

Mama jirani alitandika mkeka, akamwaga mpunga. Patroni akatetemeka ngozi ya bega, hakusogea. Kisha nikapita na sinia, pumba na muwa uliokatwakatwa, kila kipande kinang'aa. Nilipita puani pake mara moja, nikapita mara mbili. Mate yalimchuruzika mpaka chini. Shefu akasema, “Weka chini mbele yake, tuone.” Haikuwa sehemu ya mapatano. Nikamtazama koko. Koko akaniashiria nikubali.

Niliiweka, nikarudi nyuma. Patroni akarudi nyuma hatua moja. Koko alilizuia neno. Kimya kikawa kirefu hata ukasikia mtu akimeza mate, na hakuwa farasi.

Shefu aliinama juu ya sinia. “Labda muwa huu hauko tamu,” alisema, kwa sauti ya mtu wa serikali anayefanya uchunguzi, akachukua kipande, akakitia mdomoni.

Koko alimpiga kofi mkononi. “Weye! Hata farasi anakungojea! Nani alisema Bismillahi?”

Avenyu nzima ilipasuka kwa kicheko. Mama jirani alikaa chini kabisa kwenye mpunga wake. Shefu alisimama na muwa shavuni, hawezi kumeza, hawezi kutema, mwishowe akacheka naye, akafunga daftari. Ndipo koko akasema neno, na Patroni akashusha kichwa taratibu, akala upande wake mmoja wa sinia, mbele yake, bila kumwaga. Watu walirudi nyumbani na vyombo vitupu, na hakuna aliyetutukana. Mtu mwenye kisu aliomba amguse Patroni paji la uso.

Tangu siku hiyo Patroni alibeba maji ya avenyu nzima, na mtoto wa kidole kibovu ndiye aliyependa kupanda mgongoni pake.

Vita vilipokuwa vinaelekea mwisho, askari waliokuwa wanahama mji waliingia uani kwetu. Walikuwa watatu, wakitaka mnyama wa kubebea mizigo yao njia ya Kalima. Koko hakubishana na bunduki. Alifungua kamba mwenyewe. Lakini koko alimshika yule aliyeipokea mkono wa shati.

“Ngojea, mwanangu. Usimupe kitu kwa mukono. Weka chini, rudi nyuma, useme Bismillahi. Usiposema, hatagusa.”

Askari akacheka. “Mimi si Muislamu, koko.”

“Naye pia. Sema.”

“Bisi...”

“Sema muzuri.”

Wenzake walikuwa wameshafika barabarani, wanamwita. Koko alimrudisha kwenye neno mara tatu, mzee wa kilo arobaini amemshika mtu mwenye bunduki, mpaka neno likatoka lote. Ndipo akaachia shati. Patroni alikwenda bila kugeuka nyuma.

Baadaye nilisoma. Hakuna aliyenilipia: niliuza mikate ya mchele kituo cha treni, nikapanda treni ileile kwenda kutafuta diploma, nikaipata kwa alama za juu, na kazi yangu ya mwisho niliiandika juu ya namna ya kulisha wanyama wakubwa bila ugomvi. Walimu waliniuliza nimeitoa kwenye kitabu gani. Nikawajibu kwamba nimeitoa Mikelenge. Sasa nimerudi, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na majike wangu wameanza somo upya, mlinzi pamoja nao. Ila nimebadilisha kitu kimoja. Situmii neno. Nainua kiganja, ishara ambayo mtu yeyote anaweza kuitoa, wa dini yoyote, wa lugha yoyote, hata mgeni asiyetaka kujifunza.

Ua wa koko umegawanywa viwanja vitatu. Kinu hakipo, mpunga unapelekwa mashineni, na watoto wa avenyu wanakula kila mmoja sahani yake, amesimama, saa anayotaka. Hata mimi nakula peke yangu, kwenye meza niliyoinunua kwa fedha zangu. Sinia kama ile sijaiona sokoni.

Koko aliishi miaka mingi baada ya vita. Kila tukimaliza kula, akishanawa, aliniuliza swali moja. “Unazani anasema lile neno, yule askari?”

Kila mara nilimjibu, “Anasema, Koko.” Diploma ninayo, farasi ninao, na jibu hilo bado ni lile nililolitunga mwenyewe.