Nati ya Juu

Oili ya difu, ile ya gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, ikikaa miaka hunuka kama yai viza, na harufu hiyo hunirudisha uani kwetu Voi, chini ya pikapu kuukuu ya Baba. Yeye ndiye aliyenifundisha: fungua kwanza nati ya juu, ya kujazia oili, kabla hujagusa ya chini, ya kumwagia. Ya juu ikikataa, angalau gari bado lina oili.

Asubuhi moja tulikuwa tupande mlima wa Mbololo kumwona Nyanya, aliyekuwa mgonjwa. Kwa haraka zake, Baba alianza na ya chini. Niliona. Nikanyamaza, maana mtoto hamkosoi babake.

Karai likajaa oili nyeusi, halafu nati ya juu ikagoma. Aliimwagia mafuta ya taa, akaigonga taratibu kwa nyundo, akangoja, akagonga tena. Ililegea alasiri, tukiwa tumeshachelewa safari.

“Uliona?” akaniuliza, akipangusa mikono.

“Niliona, Baba.”

“Siku ingine sema.”

Leo mimi ndiye niliyelala chini ya pikapu hiyo, na binti yangu, niliyemfundisha kanuni ileile, amechuchumaa kando. Nimeweka spana kwenye nati ya chini, nangoja.