Bibi Apata wa Kumwamkia

Leo Bibi yangu ameiamkia kompyuta, na lawama zote ni zangu.

Tumetoka kanisani hapa kijijini Daudi, tunapukuchua mahindi sebuleni. Nikaweka ile tamthilia ya wanafunzi na viumbe wa ajabu, zile sehemu za mwanzo. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo natafsiri mimi, tena kwa sauti ya kila mhusika. (Najua kutafsiri, mniache.)

Sehemu ya kwanza, kijana mgeni anabisha hodi kwa kina binti mmoja. Bibi wa binti anafungua. Kijana kasema "haloo" tu. Nikaona aibu mimi, nikamtafsiria: "Shikamoo, bibi."

Bibi yangu akafurahi. "Ana adabu huyu."

Sehemu ya pili ikajulikana kijana hazeeki. Ameishi zaidi ya miaka mia mbili!

Bibi akaacha gunzi.

"Simamisha! Mzee kama huyo anamwamkia mtoto? Nani kamfundisha?"

Binamu yangu Neema akaninyooshea kidole. Msaliti.

Nikarudisha nyuma, nikatafsiri upya, sasa bibi wa binti ndiye anayeamkia. Bibi yangu hakuridhika. Akajifunga shuka lake vizuri, akaisogelea kompyuta, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia kwa sauti nzito ya kijana: "Marahaba, mwanangu."

Tulicheka sana. Yeye alitabasamu tu, kama msichana.

Ndipo nikakumbuka kwamba kijiji kizima hajabaki aliyemzidi umri. Kila siku yeye ni wa kuitikia tu.

Nyie watafsiri wa filamu huko mjini, semeni basi, nani kati yenu amefika hapo?

Mimi leo nimempatia Bibi mtu wa kumwamkia.