Tisa Nukta Nane

Fundi wa mtandao wa hospitali hii wanamwita Mama Nyaya, na jina limemkaa. Asubuhi ile alipanda ngazi mbiombio, kompyuta kwapani. Tangazo la usalama lilikuwa limetoka: seva inayohifadhi picha za eksirei ina udhaifu wenye alama ya hatari tisa nukta nane kati ya kumi. Mkurugenzi alishaamua mtandao uzimwe saa nne kamili. Wagonjwa saba waliosubiri upasuaji wangerudishwa wodini, maana bila picha daktari hakati.

"Tisa nukta nane, mama! Unataka mpaka ifike mia?"

"Bosi, hiyo ni alama ya ugonjwa, si ya mgonjwa. Nipe nusu saa nione kama mwizi anaweza kuifikia seva yetu."

Mama Nyaya hapimi hatari akiwa kitini. Hutoka mpaka getini, akajifanya mwizi, kisha akatafuta pa kuingilia. Alijaribu kuifikia seva kupitia intaneti ya nje. Kimya. Akajaribu kwa waifai ya wageni. Kimya. Alianza kutabasamu, ila alipopita mapokezi jicho likatua kwenye runinga inayoonyesha namba za foleni. Nayo ilikuwa na udhaifu, wa alama nne tu, kwa hiyo hakuna aliyeijali. Kwa waifai ile ile ya wageni akaingia humo kama anaingia jikoni kwake. Kutoka humo akagonga seva, ikaitika!

"Uwiii!" Alipiga magoti, akaufuata waya wa runinga kwa mkono nyuma ya viti, ukutani, hadi chumba cha eksirei.

"Nani kachomeka huu?"

"Mimi, dada," alisema mhudumu wa mapokezi. "Namba zilikuwa zinaganda, watu wananitukana."

"Na waifai ya wageni hukuitoa?"

"Kwani vikiwa viwili si vinasaidiana?"

"Vinamsaidia mwizi, mdogo wangu! Anaingia kwa waifai, anatokea kwenye seva kwa waya." Akauchomoa. Akarudia majaribio yote. Kimya kila upande. Saa nne kasoro dakika tatu.

Alimkimbilia mkurugenzi, aliyekuwa na simu sikioni, akamwambia njia imefungwa. "Na kama umekosea?"

"Nimeandika matokeo na kusaini. Jioni, upasuaji ukiisha, naziba udhaifu wa seva yenyewe."

Mkurugenzi aliitazama saa, kisha akasema kwenye simu, "Waingizeni wagonjwa."

Kitanda cha kwanza kilitoka kwa kasi, magurudumu yakilia. Mama Nyaya alijibana ukutani kukipisha, akihema na kucheka, huku kule mapokezi, runinga ikiwa imeganda tena, mhudumu akiita namba kwa koo lake mwenyewe.