Siku Niliyoweka Koni Miguuni pa Wazee

Jamani, mpaka leo nikipita karibu na kile kiwanja cha Manyoni naangalia chini, maana pale niliumbuka mchana kweupe na wa kumlaumu simwoni, ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa michezo, nafundisha mabinti mpira wa kikapu, na siku hiyo alikuja afisa michezo kuwapima nguvu na wepesi ili achague mmoja tu wa kwenda kambi ya mkoa. Roho yangu yote ilikuwa kwa Neema wa kidato cha pili, anayelelewa na bibi yake. Nguvu ikapimwa vizuri: unapaka chaki vidoleni, unaruka, unagusa ukuta, na alama ya Neema ikawa juu kuliko zote. Basi nikavimba kichwa! Ukabaki wepesi: unakimbia ukizikata koni zilizopangwa kiwanjani, na saa inahesabu. Wazee wa bodi ya shule walikuwa wamekaa pembeni pamoja na bibi yake Neema, nikasema ngoja nao waone vizuri, nikaichukua koni ya mwisho nikaiweka miguuni pao kabisa (nani alinituma?).

Filimbi ikalia. Binti wa kwanza akatoka mbio, akakata kushoto, akakata kulia, kufika kwa wazee akasimama, akapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

Na saa inahesabu! Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, Neema ndiyo usiseme, bibi yake alimuuliza kama amekula.

"Mwalimu, mabinti wako wazito," afisa akasema.

Nikapandwa na hasira. "Tazameni, mnapita tu!" Nikachomoka mwenyewe, na kitambi changu cha watoto watatu, nikafika kwenye ile koni, macho yangu yakakutana na ya wazee, na goti (si nimelelewa Singida hii hii?) likajikunja lenyewe wakati mwili bado una mbio, nikaenda mzima mzima mapajani kwa mwenyekiti wa bodi, kiti cha plastiki kikapasuka, tukalala chini wote wawili.

"Shikamoo," nikasema, nikiwa juu yake.

"Marahaba," akajibu (angesema nini tena?).

Kiwanja kizima kilicheka, ila mimi nilitaka kulia, maana afisa alikuwa anafunga daftari na Neema ananiangalia.

Bibi yake ndiye aliyeinuka. "Afisa, subiri kidogo. Tugeuzeni viti jamani, wakituona migongo hawatasimama."

Wakageuza, wakakaa wanatazama ukuta wa choo, yule mwenyekiti kasimama. Mabinti wakarudia, na Neema akawaacha wote mbali, afisa akaandika jina lake.

"Ameshafika?" bibi akauliza, bado katupa mgongo.

"Amefika, bibi," nikajibu. "Wa kwanza."

Akapiga vigelegele akiuelekea ule ukuta. Koni mbele ya wakubwa siweki tena maishani, maana yule bibi alitembea kutoka kijijini kuja kumwona mjukuu wake akikimbia, na kwa sifa zangu hakuona hata hatua moja.