Pipa Likilala

Tangu shemeji yake alipobadilisha kufuli la bohari, hata udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, mjane hakumsemesha tena. Bohari waliijenga yeye na mumewe, tofali kwa tofali. Shemeji alikuja na mashahidi wa kukodi, akaichukua, kisha akamwachia kazi ya kupanga mizigo, eti ni fadhila. Alikubali, maana njaa haina kiburi. Lakini kusema naye, hapana. Maneno yao yalipitia kwa mchukuzi mmoja ambaye wenzake walimwita Redio.

"Redio, mwambie bosi wako sanduku lina adabu, ukiliweka linakaa. Pipa lina adabu likisimama tu. Likilala, limeota miguu."

"Bosi, shemeji yako anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nafasi haitoshi. Yalazwe."

Yakalazwa, mapipa ya mafuta, safu juu ya safu, kila la juu likikaa kwenye bonde la mawili ya chini. Rundo zima, refu kuliko mtu, lilishikwa na kabari za mbao huku na huku, kwa sababu pipa la juu halikandamizi tu. Huyasukuma ya chini yaachane.

Asubuhi hiyo Redio alikuwa nje akipakia gari. Shemeji aliingia, akachuchumaa mbele ya rundo kukagua pipa lililovuja. Mafuta yalikuwa yametandaa sakafuni. Mjane, aliyekuwa pembeni akipanga masanduku, akaiona kabari. Ilikuwa inateleza. Ikasogea upana wa ukucha, ikatulia, ikasogea tena.

Akageuka kumtafuta Redio. Mazoea hayo. Mdomo ulishafunguka kusema "mwambie", na hapakuwa na wa kuambiwa.

Kisha likamjia wazo, kwa utulivu uliomtisha: akinyamaza, nani atamlaumu? Kila mtu anajua hasemi naye.

Rundo likaguna kwa ndani, kama tumbo lenye njaa.

"Shemeji, toka hapo."

Hakutoka. Aligeuza shingo, akamkodolea macho kama mtu aliyesalimiwa na maiti. "Umesema na mimi?"

"Na nani mwingine? Toka."

Bado alikuwa amechuchumaa, ameduwaa. Mjane akamkamata ukosi wa shati, akamburuta kama gunia, wakaangukia wote nyuma ya masanduku. Kabari ikachomoka. Mapipa ya chini yakaachana, ya juu yakadumbukia katikati, rundo likafumuka na kubingirika kila upande, hadi la mwisho likagonga ukuta na kunyamaza.

Redio alikuja mbio, akasimama mlangoni akiwatazama. "Sasa nimwambie nani nini?"

Shemeji akamgeukia Redio. "Mwambie... mwambie ahsante."

"Nipo hapa," mjane akasema. "Niambie mwenyewe."

Shemeji akatazama mafuta kwenye viatu vyake. Mjane hakumngoja. Aliinama, akashika ukingo wa pipa la karibu, akamwita Redio ashike upande wa pili, wakalisimamisha.